Kumtafuta Thelma Ritter: uzoefu wangu wa miezi miwili na huduma ya filamu za zamani

Nilijisajili na huduma hii kwa lengo moja tu, nalo ni kuzipitia kazi za Thelma Ritter, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1902, ambaye aliteuliwa mara sita kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike na hakuipata hata mara moja.

Nilipoandika jina lake nililetewa filamu tatu. Baadaye nikagundua kwamba nyingine zimo, ila zimepangwa kwa majina ya nyota wakuu, hata "Pickup on South Street" ya mwaka 1953 niliipata kwa kumtafuta Richard Widmark. Kwa anayemfuata mama huyu, hiyo ni kero kubwa, kwani riziki yake yote aliipata pembeni mwa nyota. Katika "Miracle on 34th Street" (1947), filamu yake ya kwanza, alipokuwa na umri wa miaka 45, jina lake halikuorodheshwa kabisa.

Picha, nikiri, ni safi mno. Katika "Pickup" yeye ni Moe, mwuza tai anayewauzia polisi habari za wezi na kujiwekea akiba ya mazishi ili asije akazikwa makaburi ya mafukara. Niliirudia mara tatu sehemu anayomwambia muuaji wake kwamba amechoka, bila kupaza sauti wala kuomba huruma. "All About Eve" (1950) iliniudhi kidogo, ingawa kosa si la huduma: Birdie, mtumishi anayeigizwa na Ritter, anamshuku Eve, shabiki mwenye hila, kabla ya wenzake wote, kisha filamu inamtupa katikati ya safari.

Manukuu ya Kiingereza yalikuwa yakichelewa. Katika "Rear Window" (1954), ambamo ni muuguzi anayemkanda James Stewart huku akimsuta kwa kuchungulia madirisha ya majirani, maneno humtoka haraka kwa lafudhi ya New York, na kila nilipomaliza kusoma mzaha mmoja alikwisha kutoa mwingine. Niliwaandikia wenye huduma, wakarekebisha filamu hiyo peke yake.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Nimelipia mwezi mwingine, kwa kuwa sijaitazama "Birdman of Alcatraz" (1962), iliyompa uteuzi wa mwisho, nayo nimeikuta chini ya jina la Burt Lancaster.