Programu ya kutengeneza diski: ipi uiamini, ipi uiache

Kabla hujatoa hela, jua hili: hakuna programu inayotengeneza diski ya kompyuta (hard disk) iliyochakaa. Sahani yake ikikwaruzika au kichwa cha kusomea kikichoka, ni vyuma vimeharibika. Programu nzuri hukuambia hali halisi ya diski, hukuokolea mafaili, na hunyoosha orodha ya mafaili iliyovurugika umeme ulipokatika ghafla, jambo ambalo sisi wa Mwanza halitupiti. Kwa hiyo mimi napima uaminifu kwa swali moja: inaandika chochote kwenye diski mbovu kabla hujatoa nakala?

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni GNU ddrescue, na ni ya bure. Inanakili diski yote kwenda diski nyingine, ikianza na sehemu zinazosomeka, halafu ndipo inarudi kuhangaika na zile sugu. Inaweka kumbukumbu ya ilipofikia, hivyo umeme ukizimika saa nane usiku, asubuhi unaendelea pale pale. Kwa mtu wa Igoma au Buswelu, hapa hapa Mwanza, sifa hiyo peke yake inatosha. Ugumu wake ni kwamba unaandika amri kwa mkono, tena kwenye Linux. Ukikosea kutaja diski ipi ni chanzo na ipi ni pokezi, umefuta kila kitu. Soma majina ya diski mara mbili.

Ya pili ni CrystalDiskInfo, bure pia. Haitengenezi kitu, inasoma tu taarifa ambazo diski inajiandikia yenyewe. Tazama mistari 05, C5 na C6: ikianza kupanda kutoka sifuri, sekta (vile vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zinakufa, tafuta diski mpya. Ikipanda C7 peke yake, badilisha waya wa data kwanza. Nimeona watu wakitupa diski nzima kwa sababu ya waya uliolegea.

TestDisk na mwenzake PhotoRec nazipa nafasi ya tatu. TestDisk hurudisha patisheni (sehemu ya diski kama C: au D:) iliyopotea. PhotoRec hufukua picha na nyaraka, ila majina ya mafaili hupotea. Zote bure. Usihifadhi kilichookolewa kwenye diski ile ile.

SpinRite ya Steve Gibson ndiyo ya kulipia ninayoiheshimu. Bei yake ni dola 89, na toleo la 6.1 lilitoka 2024, miaka 20 baada ya 6.0. Inasoma sekta sugu tena na tena hadi zikubali. Lakini inafanya kazi juu ya diski yenyewe, kwa hiyo iende baada ya nakala. Hela hiyo mimi ningeitanguliza kwenye diski ya nje.

Chkdsk, iliyomo ndani ya Windows, naiweka chini ingawa watu huikimbilia. Kwenye diski isiyo na ubovu ila iliyozimika vibaya inafaa sana. Kwenye diski inayokufa ni hatari. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba aliniletea kompyuta iliyokuwa imeachiwa chkdsk /r, amri ya kusaka sekta mbovu diski nzima, usiku kucha. Madaftari yake ya wadeni yalikuwa vipande vipande ndani ya folda FOUND.000, na tulipata machache sana. Iliniuma, maana nakala ingetolewa kwanza, yote yangepona.

Za mwisho kabisa ni zile zinazoahidi kutengeneza kila kitu kwa kubofya mara moja, na matoleo yaliyovunjwa, yaani programu za kulipia zilizoondolewa kinga, yanayozunguka kwenye flashi. Hizo usiweke hata kwa majaribio. Programu halali ya kuokoa mafaili ikikupa toleo la majaribio, usiridhike na orodha ya majina; fungua picha tatu au nne uzione, ndipo ulipe.

Ukisikia diski inagonga tik-tik, usiwashe programu yoyote kati ya hizi. Izime, ichomoe, umpelekee fundi anayeshughulika na diski zenyewe.