Karatasi za Sembène, kutoka dirisha la wakala

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa nyuma ya dirisha. Wiki haipiti bila kuja mtu ambaye pesa yake imefika na bado hawezi kuigusa. Mwaka jana alikuja mzee aliyepoteza laini, na kwenye laini ile kulikuwa na shilingi elfu themanini alizotumiwa na mwanawe. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, mashine ikakataa kusoma vidole vyake, michirizi imelika. Namba ya kitambulisho hana. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, nacho hana. Nikamuuliza, "Babu, ulizaliwa mwaka gani?" Akajibu, "Mwaka wa nzige, binti yangu." Kwenye fomu hakuna nafasi ya kuandika nzige.

Miezi michache baadaye nikaitazama filamu iitwayo Mandabi, na dakika ya ishirini hivi nikaisimamisha nikaenda kumwita mama. Sikutaka kuiona peke yangu.

Aliyeiongoza ni Ousmane Sembène wa Senegal, mtoto wa mvuvi, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923 na kufariki 2007. Kabla ya kamera alikuwa kuli wa bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya. Aliingia kwenye sinema akiwa na umri wa karibu miaka arobaini, akaenda kuisomea Moscow, kwa sababu aliona watu aliowaandika vitabuni hawawezi kuvisoma. Sinema aliiita shule ya jioni. Nimetazama filamu zake sita mpaka sasa, na ukiniuliza uanzie wapi, nakwambia anza na hiyohiyo Mandabi ya mwaka 1968.

Jina lenyewe ni neno la Kifaransa lililovaa Kiwolof, lugha ya Senegal, na maana yake ni hawala ya posta. Ibrahima Dieng, mtu mzima wa Dakar mwenye wake wawili na watoto saba, hana kazi, lakini anatembea mtaani na vazi lake pana na heshima zote za mwenye nyumba. Mpwa wake Abdou, anayefagia barabara Paris, anamtumia faranga 25,000. Hesabu imo ndani ya barua: elfu mbili za mjomba, elfu tatu za mama mzazi wa Abdou, elfu ishirini atunziwe mpaka arudi. Dieng mwenyewe hajui kusoma, inabidi amlipe mtu wa kumsomea.

Sasa angalia Sembène anavyopanga mambo. Wake wa Dieng wanapata habari kwanza, wanakopa mchele dukani kwa Mbarka, wanampikia mume, anakula mpaka anacheua, na hapo ndipo wanamtolea barua. Kabla pesa haijaguswa imeshaliwa! Jioni ile majirani wanaanza kupita mmoja mmoja, kila mtu na shida yake. Hakuna anayeonyeshwa kama mwizi. Wote wana njaa, na Dieng hawezi kumfukuza mtu aliyeanza kwa salamu. Mtu wa pwani haelezwi eneo hili mara mbili. Salamu ni zetu, tasbihi ni yetu, hata namna mtu anavyokohoa mlangoni kabla ya kuomba mkopo naijua.

Kisha posta: lete kitambulisho. Polisi: lete cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ofisi ya mji: tarehe ya kuzaliwa? Dieng anajua ni mwaka 1900 hivi. Nilimkumbuka mzee wangu wa nzige mpaka nikashindwa kukaa. Mpiga picha naye anachukua pesa na picha haitoki. Dieng akidai haki yake anaondoka na damu puani. Kila hatua inataka nauli, kila nauli inataka mkopo, na kila mkopo unaahidiwa kulipwa na hawala ambayo haijatoka. Ni nani mwishowe anaifikia pesa ile, sisemi. Nasema tu kwamba anajua kusoma, na ana tabasamu zuri.

Makhourédia Guèye ndiye anayeigiza Dieng, na kwangu yeye ndiye nusu ya filamu. Mtazame anavyokaa kwa kinyozi mwanzoni kabisa, amejiachia, kichwa kinanyolewa na hata pua inasafishwa, kama sultani. Halafu mfuatilie mabega yake yanavyoshuka kadiri vazi lile linavyochafuka. Tafuta nakala iliyosafishwa upya, si ile iliyopauka niliyoanza nayo. Rangi zake ni kama khanga mpya.

Kuna jambo lingine linalonifanya nimpende Sembène. Pesa za kutengeneza filamu zilitoka Ufaransa, na waliozitoa walitaka Kifaransa. Akaipiga mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolof, na hii ya Kiwolof ndiyo tunayoihifadhi mioyoni. Mama yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, saa moja na nusu nzima. Koo lilinikauka. Natamani mtu mwenye uwezo azitie filamu hizi Kiswahili, kwa sababu watazamaji wake halisi wako kwenye foleni yangu.

Baada ya hapo rudi nyuma kwenye La Noire de... ya 1966. Ni fupi, kama saa moja, haina rangi, na inaumiza kuliko zote. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na Wafaransa kwenda Antibes, mji wa pwani kwao Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto. Akifika anakuwa mpishi, mfuaji na mfagiaji, na Ufaransa anayoiona ni jiko na chumba chake. Kwetu wasichana wanapanda ndege kwenda Oman na Ghuba kwa kazi za ndani, kwa hiyo usiitazame kama hadithi ya zamani. Barua inakuja kutoka kwa mama yake, bwana anamsomea, kisha anashika kalamu na kuanza kumjibia bila kumuuliza. Diouana anaichana barua. Hiyo si barua yake. Ninapoona mtu anamwandikia mwenzie meseji na kumwekea maneno mdomoni, nakumbuka mikono ile. Kasoro moja kubwa: mawazo ya Diouana tunayasikia kwa Kifaransa laini, kwa sauti ya mwigizaji mwingine, na ukimtazama Mbissine Thérèse Diop, anayemwigiza, usoni unahisi kabisa sauti ile si yake.

Borom Sarret ya 1963 haifiki nusu saa, itazame ukisubiri maji yachemke. Mwendesha mkokoteni wa farasi anabeba watu wasiolipa. Mmoja amebeba maiti ya mtoto wake, na makaburini anarudishwa kwa sababu ya karatasi. Tena karatasi!

Xala ya 1975, ya tajiri anayeoa mke wa tatu na nguvu za kiume zikamkimbia, watu wengi huisifu zaidi. Mimi naiweka chini kidogo, inapiga kelele mahali ambapo Mandabi inanong'ona. Lakini usikose ombaomba wa mwishoni. Camp de Thiaroye ya 1988, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, inahusu askari Waafrika waliopigania Ufaransa, wakadai malipo yao, wakapigwa risasi na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944. Ni ndefu, zaidi ya saa mbili. Mwenye babu aliyekwenda Burma na KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aitazame akiwa na nafasi ya kunyamaza baadaye.

Ya mwisho kuitengeneza ilikuwa Moolaadé, 2004, akiwa na miaka 81. Wasichana wanne wanakimbia ukeketaji na kuingia kwa Collé, mwanamke wa kijijini, naye anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni, ishara kwamba wako chini ya hifadhi yake. Kamba unairuka kwa hatua moja, na hakuna mwanamume anayethubutu. Wazee wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma mbele ya msikiti, na katika moshi ule moja bado inaongea. Mama aliniomba nirudie hapo. Nilirudia mara tatu.

Lakini usiku ule wa kwanza, Mandabi ilipokwisha, nilidhani mama amelala. Nikazima taa. Akasema gizani, "Na yule kijana anayefagia huko Ulaya, barua atamwandikia nani?"