Kuzungukia vyuo Mwanza siku moja: nyota 3 kati ya 5

Wiki iliyopita nimempeleka mdogo wangu Mwanza kuona vyuo, kamaliza form six HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) anataka sheria au uandishi wa habari, nikaona kabla hajatuma maombi akapaone mwenyewe mana maonesho ya vyuo vikuu ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) yale ya Mnazi Mmoja yako Dar na sisi tuko Sengerema, nauli ya kwenda na kurudi ingemaliza hela ya fomu zote.

Usafiri hauna shida kabisa. Tangu lile daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mambo ya kupanga foleni ya pantoni yameisha, kilomita 3 unakatiza juu ya maji hata hujamaliza karanga zako. Asubuhi mapema tuko stendi ya Nyegezi.

Chuo cha kwanza sikitaji. Getini mlinzi anauliza mna miadi na nani, sasa miadi na nani wakati tovuti yao imeandika karibuni siku zote za kazi? Tukaandika majina kwenye daftari, tukaenda ofisi ya udahili, dada wa pale macho kwenye simu, akatupa kipeperushi kilekile dogo alichokwisha kukisoma kwenye tovuti. Maktaba hatuingii bila kitambulisho, mabweni ndo usiseme. Saa moja na nusu tumeona geti, benchi na kipeperushi. Nyota 1, nayo ni ya benchi mana lilikuwa kivulini.

Tukachukua bajaji Nyegezi Kona mpaka SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), Malimbe. Hiki kilianza 1960 kama Nyegezi Social Training Institute, chuo kikuu kimekuwa 1998, na mambo ya habari ni ya kwao toka zamani. Dogo kuona ziwa na upepo ule basi kashachagua, nikamwambia we tulia, ziwa hata Sengerema lipo.

Safari hii ofisini hatukukaa sana, tukatafuta mama ntilie, ugali sato, tukakaa meza moja na wanafunzi tukaanza kuuliza: maji yanakatika? bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) likichelewa mnakula nini? Binti mmoja wa sheria mwaka wa tatu, "dada mimi sikufichi kitu", kaongea dakika 20 mpaka ugali wake ukapoa. Yeye ndo katuambia kama dogo atakaa geto, yaani chumba cha kupanga nje ya chuo, tukaangalie mageto leo leo, tusisubiri wiki ya kuripoti mana hapo bei inapanda na vilivyobaki ni vyumba vilivyokataliwa.

Dalali sasa. "Sista, elfu kumi ya kuzungushwa, hairudi." Haya, tumetoa. Chumba cha kwanza tailizi zinang'aa, dirisha kubwa, dogo anacheka tu, mimi nimeangalia koridoni naona ndoo na madumu yamepangwa mlango hadi mlango. Nikafungua bomba: linakohoa tu. Dalali eti maji yamekatika leo. Leo, na madumu yana ukoko wa kijani chini? Cha pili mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo, cha tatu hakina hata kitasa. Cha nne kidogo na rangi imebanduka ila bomba linatoa na jirani zake wanaosha vyombo nje kwa maji ya kumwaga, hicho ndo tumeandika namba ya mama mwenye nyumba mwenyewe, dalali kanuna njia nzima.

Nyota mbili nimekata, moja ya lile geti na moja ya elfu kumi yangu. Nendeni Jumanne au Jumatano, sio Ijumaa mchana wanafunzi wameshatawanyika unabaki kuongea na walinzi, na msiondoke kabla giza halijaingia, tembeeni kwa miguu kutoka geto mpaka chuo muone kama kuna taa.

Ah na wale wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) mnaotaka udaktari, Malimbe sio kwenu, nyie pandeni kilima cha Bugando kule CUHAS, chuo kikuu cha afya, pembeni ya hospitali. Sisi hatukufika, dogo damu tu anazimia.