Dawa za Mafua na Kikohozi Msimu wa Kipupwe: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Kati ya Juni na Agosti, baridi inapokaza Njombe na Makete, maduka ya dawa hujaa watu wanaokohoa. Kwa kuwa mafua huletwa na virusi na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, mnunuzi anatafuta nafuu ya dalili tu, na kwa kigezo hicho nafasi ya kwanza naipa asali.

Kijiko kimoja kabla ya kulala hutuliza kikohozi cha usiku na kulainisha koo. Asali ya miombo ya Tabora au Singida inafaa sana, wala usiikatae kwa kuwa imeganda, kwani asali halisi huganda, hasa penye baridi. Muulize muuzaji imevunwa wapi, na utafute nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kuwa na bakteria wanaosababisha ugonjwa hatari wa kupooza.

Ya pili ni parasetamoli, kwa homa na maumivu ya koo. Mtu mzima hunywa vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Soma pakiti za dawa mchanganyiko za mafua, kwa maana nyingi tayari zina parasetamoli, na kuzidisha huumiza ini.

Ya tatu ni matone ya maji ya chumvi kwa pua iliyoziba. Vidonge vya kumung'unya vinafuata, ingawa kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi husaidia koo karibu bure.

Dawa za maji za kikohozi naziweka mwisho, kwa kuwa manufaa yake ni madogo na hatari yake kwa watoto ni ya kweli: mwaka 2022, vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia vilihusishwa na dawa za aina hiyo zilizochafuliwa kwa kemikali yenye sumu. Ukilazimika, nunua iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, katika duka lenye kibali.

Amoksilini, dawa ya kuua bakteria, usijinunulie kabisa, maana haiui virusi. Mtoto mwenye homa na koo linalouma bila kikohozi apelekwe kwa daktari, kwani maambukizi ya bakteria ya koo yasipotibiwa yanaweza kuharibu moyo. Na kikohozi kilichofikisha wiki 2 kipimwe kifua kikuu, kipimo ambacho vituo vya serikali hutoa bila malipo.