Huduma ya kuskani picha na kanda za zamani: nyota tatu na nusu, nawaambia zingine zimeenda wapi

Besi yangu ina nyuzi nne. Imekuwa na nyuzi nne tangu nilipoinunua kwa mtu nikiwa na miaka kumi na tisa, haijawahi kuongezeka, imepungua mara moja tu usiku ule uzi ulipokatika katikati ya wimbo na nikamalizia na tatu zilizobaki. Sasa kwenye picha niliyorudishiwa na hawa jamaa besi ina nyuzi tano na pini sita za kukazia, na mimi mwenyewe nimepewa ngozi laini utadhani natangaza sabuni. Nitarudi hapo, nina mengi ya kusema hapo, ila kwanza niwape stori ilivyoanza maana huduma yenyewe sio mbaya kihivyo.

Enzi hizo tulikuwa sita kwenye bendi, sasa hivi tumebaki watano, na tuna grupu la WhatsApp ambalo kwa miaka lilikuwa la salamu za asubuhi na picha za maua. Siku moja mpiga solo akatupia picha ya zamani, ameipiga kwa simu ikiwa bado ndani ya albamu, mwanga wa taa umekaa usoni kwa mwimbaji kama mwezi, hata haonekani vizuri, lakini weee, hapo ndo ikaanza. Kila mtu akaenda kufukua makabati. Nywele gani zile, suruali gani zile, nani alikuwa amevaa viatu vya nani, ile ampu si tulikodi na hatukurudisha kwa wakati. Ndani ya wiki mbili tukawa na picha za karatasi 143, vipande 11 vya negativu (ile filamu yenyewe iliyotoka kwenye kamera) na kaseti sita, vyote vikaletwa kwangu kwa sababu mimi ndo natunza vitu (mpiga dramu anasema sababu mimi ndo sina kazi ya kufanya).

Kuhusu kubandua picha kwenye zile albamu za gundi zenye plastiki juu, tafadhali msivute kwa kucha, mimi nilichana pembe ya picha mbili kabla sijajifunza. Chukua uzi wa kusafishia meno, ule usio na nta, upitishe chini ya picha polepole kama unakata, inaachia yenyewe. Na picha ikishaganda kwenye kioo cha fremu iache hapohapo, iskaniwe na kioo chake, ukilazimisha sura ya mtu inabaki kwenye kioo.

Huduma inaenda hivi, unajaza fomu yao, unatiki unachotaka, unapakia kila kitu kwenye boksi unawatumia, baada ya wiki kadhaa wanakurudishia vitu vyako pamoja na flashi na linki ya kupakua. Vitu vyangu vyote vilirudi, nilihesabu mara mbili, hakuna hata kimoja kilichopotea na vilikuwa vimepangwa vizuri kuliko nilivyovipeleka, hapo nyota nzima bila ubishi.

Ubora wa skani nao safi. Picha za karatasi walifanya kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na kwa picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 hiyo inakupa kama megapikseli 8 na nusu, inatosha kabisa, ukipandisha zaidi ya hapo mara nyingi unaskani chembechembe za karatasi tu na faili linakuwa zito bure. Zile za rangi zilizokuwa zimegeuka nyekundu (zetu nyingi zilikuwa nyekundu kama tumepigwa picha ndani ya tanuru, hiyo ni kwa sababu kwenye karatasi za zamani rangi ya buluu-kijani ndo inakufa mapema zikikaa kabatini) wamezirudisha vizuri, mashati yamekuwa mashati tena.

Lakini negativu ndo zilizonimaliza. Jamani kama mna negativu msizitupe, watu wengi wanatunza picha wanatupa negativu, ni kinyume. Fremu ya filamu ya 35mm ni milimita 24 kwa 36 tu, kidogo kama stempu, ila wakiiskani kwa dpi 4000 unapata karibu megapikseli 21 na unaona vitu ambavyo picha yenyewe haikuwahi kukuonyesha. Kuna moja tuko jukwaani, sijui watu wangapi wameshaiona hiyo picha kwa miaka yote hii, na chini miguuni kwa mwimbaji kuna kidoa cheupe, sote tulidhani ni leso imeanguka. Nikavuta, nikavuta tena, kumbe ni karatasi imebandikwa sakafuni kwa selotepu, orodha ya nyimbo za usiku ule, na inasomeka! Mwandiko wa mwimbaji wetu, zile herufi zake zinazolala kushoto kama zimechoka. Nyimbo tisa, wa sita umekatwa na kalamu mara mbili. Nikatupia kwenye grupu, kimya dakika kumi hivi, halafu mpiga kinanda akaandika tu, "ule wa juu sana, koo lilikuwa limemkwama akasema leo siuwezi." Na kweli, nikakumbuka alivyokuwa nyuma ya jukwaa amejifunga kitambaa shingoni hataki kuongea na mtu, anaonyesha kwa vidole tu. Huyo mwimbaji ndo yule mwenzetu wa sita ambaye hayupo tena. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama hela yangu imeenda bure, kwa hiyo picha moja tu haikwenda bure.

Haya, sasa makosa.

La kwanza lilituchekesha kabla halijatukera. Vipande vitatu vya negativu wameviskani vimegeuzwa, upande wa mbele ukawa wa nyuma, kwa hiyo bendi nzima imekuwa ya watu wa mashoto. Mpiga solo mashoto, rithim mashoto, mimi mashoto, haihat ya mpiga dramu (yale matasa mawili ya kukanyaga) imehamia kulia kwake. Mtu asiyepiga muziki anaweza kuangalia hizo picha mwaka mzima asigundue, lakini mpiga gitaa anahisi tu kuna kitu hakiko sawa, kama kuvaa viatu mguu siomguu. Na sio kosa jipya duniani, Billy the Kid, yule jambazi wa zamani wa Marekani, aliaminika muda mrefu kuwa ni wa mashoto kwa sababu ile picha yake maarufu ni ya bati na picha za bati hutoka zimegeuka. Ukiona bendi yenye Jimi Hendrix watatu, yule mpiga gitaa wa mashoto, ujue filamu ililazwa kinyume. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutafuta maandishi, jina kwenye ampu au kwenye ngozi ya dramu kubwa, yakisomeka kinyumenyume umepata jibu. Niliwaandikia, wakaomba radhi siku hiyohiyo wakarekebisha bure. Unaweza kugeuza mwenyewe kwenye simu kwa sekunde mbili ila nilitaka wajue.

La pili ndo lile la nyuzi tano. Kwenye fomu yao kuna kisanduku kimeandikwa kitu kama "maboresho ya picha", nikatiki, nikidhani ni kufuta vumbi na mikwaruzo. Kumbe ni AI inapitishwa juu ya kila picha, na AI haijui besi, inajua tu kwamba hapo panatakiwa kuwe na kitu chenye nyuzi, basi inachora. Nyuso ndo mbaya zaidi. Zile picha ambazo sura ni ndogo na zina ukungu, imetengeneza sura. Sio imesafisha, imetengeneza. Mpiga rithim wetu amewekewa meno, enzi hizo alikuwa na pengo la mbele na ndo lilikuwa jina lake la utani! Mwimbaji amekuwa mtu mwingine kabisa, mzuri, ila simjui, na kwa mtu ambaye hatuwezi tena kumpiga picha nyingine hilo halinichekeshi. Nilipolalamika wakasema umetiki mwenyewe, nikaangalia fomu, kweli nilitiki, sasa nibishane na kidole changu? Bahati faili ambazo hazijaguswa walikuwa nazo wakanitumia linki nyingine. Ila wangeandika wazi kwamba ni AI na inabadilisha sura, watu wengi wanaopeleka picha za zamani ni wazee kama sisi, tunatiki kila kisanduku tukidhani ni bora zaidi.

Kuna mmoja kwenye grupu alilalamika mbona zile nyeusi na nyeupe zimebaki na vumbi wakati za rangi ni safi. Hapo nawatetea. Skana inayofuta vumbi yenyewe inatumia mwanga wa infraredi, unapita kwenye filamu ya rangi na kukwama kwenye vumbi tu, ndo inajua vumbi liko wapi. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe picha yake ni fedha, madini kabisa, nayo inazuia huo mwanga, kwa hiyo mashine haioni tofauti ya vumbi na shati lako. Zile ni za kusafisha kwa mkono.

La tatu, na hili nawalaumu kidogo na kujilaumu zaidi, hawakuskani migongo ya picha. Sikuwaambia, wao hawakuuliza. Sasa mgongo wa picha ndo wenye stori. Nyuma ya moja kuna orodha ya nani anadaiwa nini baada ya shoo, nyuma ya nyingine mtu ameandika tarehe na neno moja tu, "mvua". Mgongo mmoja una herufi za funguo za nyimbo, huu A, huu D, huu shusha nusu. Yote hayo nimekaa nikapiga kwa simu mwenyewe, jioni tatu. Ukipeleka kwao waandikie kwa herufi kubwa: PANDE ZOTE MBILI.

Tarehe nazo zilituvuruga. Faili linabeba siku liliyoskaniwa, kwa hiyo ukiziweka kwenye simu ujana wako wote umetokea mwezi uliopita. Itabidi uzipange mwenyewe, na kupanga ndo kunaleta ugomvi. Mpiga kinanda aliapa picha moja ni ya 1981, alisema anakumbuka kabisa, mpaka tukavuta pale kwenye kinanda chake, Yamaha DX7, na DX7 imetoka 1983. Kesi ikafungwa. Vyombo havidanganyi, angalia kinanda, angalia pedali, angalia ampu, utapata mwaka ambao picha haiwezi kuwa kabla yake. Yeye hadi leo anasema labda yake ilitoka mapema.

Halafu kitu kidogo, mkishapata faili zenu msirushiane kama picha za kawaida WhatsApp, inazibana, ule mwandiko wa kwenye sakafu uligeuka ukungu tena nilipotuma mara ya kwanza. Tuma kama dokyumenti.

Kaseti. Tano kati ya sita zimetoka vizuri, rekodi za mazoezini, kelele nyingi, mtu anakohoa, mlango unafunguliwa, nazipenda. Ya sita walinitumia faili mbili, upande A tunaimba kama majitu yaliyokunywa dawa ya usingizi, upande B tunaimba kinyumenyume. Fundi mitambo yeyote wa zamani ashajua tatizo. Hiyo haikuwa kaseti ya kawaida, ilikuwa demo tuliyorekodi kwenye mashine ya trek nne, yaani njia nne za sauti kwenye utepe mmoja. Redio ya kawaida inavuta utepe sentimita 4.76 kwa sekunde, mashine yetu ilikuwa inavuta mara mbili ya hapo, na inatumia trek zote nne kwenda upande mmoja badala ya mbili kwa kila upande. Ukiipiga kwenye deki ya kawaida sauti inashuka oktevu nzima, na trek mbili zilizobaki zinasikika kinyume ukigeuza kaseti. Juu ya kaseti tulikuwa tumeandika "4TRK" ila wino umefifia. Wakasema mashine hiyo hawana, wakanirudishia hela ya hiyo moja bila kelele. Heshima kwao, angalau hawakudanganya.

Basi mpiga solo akakumbuka ile mashine yetu iko stoo kwake chini ya mabati. Tukaifungua, mkanda wa mpira wa ndani umeyeyuka umekuwa lami, tumefuta kwa spiriti mchana mzima mikono myeusi kama tumechimba makaa, tukaweka mkanda mpya, tukasafisha hedi inayosoma utepe, tukaweka kaseti. Mpiga dramu alikuwa kwenye simu anasikiliza. Kelele kidogo za utepe, halafu sauti ya mwimbaji wetu iko karibu kabisa na maiki, anasafisha koo, anahesabu, moja, mbili, moja mbili ta... na dramu zimeshaingia. Kabla ya nne. Miaka yote hiyo mpiga dramu anakana kwamba alikuwa anawahi kuingia, sasa iko kwenye kanda, tumeitupia kwenye grupu, na bado anasema ni spidi ya mashine.