Olympus Trip 35 kwenye jua la Mikindani: uzoefu wangu

Kwa mtu wa Mtwara anayetafuta kamera ya filamu ya kuanzia, ushauri wangu ni Olympus Trip 35, na sababu kubwa ni jua letu. Kamera hii, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1967 hadi 1984, haina betri. Lenzi imezungukwa na seli za seleniamu zinazopata nguvu kwenye mwanga wenyewe, na hizo ndizo zinazopima tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Mwanga ukiwa hafifu, kibendera chekundu kinachomoza kwenye kioo cha kutazamia na kitufe kinagoma. Hapa Mikindani saa nne asubuhi kibendera hicho utakisahau.

Umbali unaukadiria kwa macho: kwenye pete ya lenzi alama ya mtu mmoja ni mita 1, watu wawili mita 1.5, kundi la watu mita 3, mlima kwa vya mbali. Mkono huzoea.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba mkanda una picha 36 tu. Nikipita kwenye nyumba za mawe na milango ya nakshi sibonyezi ovyo. Nasimama, nasalimia, naomba ruhusa. Fundi mmoja wa mashua ufukweni alitaka aione picha yake palepale. Nikamwambia, bado mzee wangu, mpaka mkanda uishe usafishwe. Basi akaacha kujipanga, akarudi kwenye kalafati yake, pamba anaisindilia kwa patasi katikati ya mbao, vidole vimejaa mafuta. Nikaweka alama ya watu wawili, nikapiga mara moja. Sina picha ninayoipenda kuliko hiyo.

Mikanda ya rangi naituma Dar kwa basi, na subira inahitajika. Ya nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe nyumbani. Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa inataka dakika 7.5 kwa nyuzi 20, na maji ya bomba ya huku ni ya moto kuliko hapo. Chupa naziweka kwenye beseni la barafu hadi kipimajoto kishuke. Dawa ikiwa ya moto inakimbia, negativu inakuwa nzito, na mawingu yote yanageuka weupe mtupu.

Ukienda kununua, mulika tochi ndani ya lenzi uangalie kuvu, maana hewa ya pwani haina huruma. Kisha weka pete ya tundu kwenye A, yaani kamera ijiamulie yenyewe, ziba lenzi pamoja na seli kwa kiganja, bonyeza: kibendera kitokee. Toka juani, bonyeza tena: ipige. Ikigoma hata juani, huenda seli imekufa, omba upunguziwe bei. Bado utaitumia kwa kuchagua tundu mwenyewe, ila shata, yaani pazia la kupitishia mwanga, itabaki kwenye 1/40 ya sekunde, na kwa mchana wa huku mkanda wa ISO 400, unaohisi mwanga upesi, utaungua kwa mwanga kuzidi. Nunua wa 100.