Kulogin kwa OTP ya SMS au kwa app ya Google Authenticator?

Jamani wenye mifumo ya saccos na amcos (ushirika wa wakulima) huku kwetu Mbeya, hili tuliangalie vizuri. OTP ya SMS, yaani ile namba ya kuingilia mara moja inayokuja kwa meseji, kila mtu anaielewa, hata mwenye kitochi anaipata, hapo haina mpinzani. Ila angalia inapopita: seva yako inatuma kwa kampuni ya bulk SMS (ya kutuma meseji nyingi kwa mpigo), nao wanapeleka kwa mtandao wa simu, halafu ndo ifike kwa karani aliyeko Makete bondeni anasubiri mnara ushike, sasa hapo kimoja tu kikizingua basi watu wamefungiwa nje hata kama seva yako iko fresh kabisa. Salio la bulk likiisha Jumamosi usiku ni vilevile.

App inapiga hesabu ndani ya simu yenyewe, inachukua ule ufunguo wa siri iliouhifadhi siku ya kuskani QR inauchanganya na saa, namba mpya kila sekunde 30, bando huhitaji. Ndo maana kwa wafanyakazi mi naipa kura. Inachodai ni saa sahihi, kwahiyo seva iwashie NTP (inayorekebisha saa yenyewe kwa mtandao) na simu muda uwe otomatiki, saa ikipishana dakika kadhaa namba zote zinakataliwa. Simu ikiibiwa pale Mwanjelwa je? Printi namba za akiba (backup codes, za kuingilia bila ile app) mapema, zifungie kabatini ofisini.

Wanachama wenye vitochi waachie SMS, ila uwe na kampuni mbili za kutumia, moja ikigoma mfumo uhamie nyingine wenyewe.